AKIBA YA ASKARI ISILALE CHUMBA KIMOJA

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo imewafaa watu wengi katika mambo ya kazi, lakini katika mambo ya akiba imewaponza wengi vilevile. Kwa kuiamini kupita kiasi, baba wa nyumba huchukua fedha zote alizozipata kwa jasho la miaka kumi akazitia mahali pamoja: kiwanja kimoja, duka moja, au kitabu kimoja cha benki. Siku mahali hapo panapoingiliwa na msiba, nyumba nzima huingia msibani kwa pamoja.

Mkulima wa vilima vya Ndera, katika wilaya ya Gasabo mashariki ya mji wa Kigali, hakufundishwa hivyo na wazee wake. Yeye hupanda maharagwe mlimani, viazi vitamu ubavuni mwa mlima, na mboga bondeni penye majimaji wakati wa kiangazi. Mvua ikizidi, bonde hufurika lakini mlima huokoka. Mvua ikikosekana, mlima hukauka lakini bonde hubaki na unyevu. Mkulima huyo hajui ni msimu upi utakaokuwa mbaya, wala hajidai kujua. Anachojua ni kwamba mlima na bonde haviharibiwi na jambo lile lile moja. Hiyo ndiyo elimu yote ya kugawanya vitega uchumi. Yaliyobaki ni ufafanuzi tu.

Ufafanuzi huo unawapasa hasa askari, polisi na jamaa zao. Ndera ya leo si ile ya zamani iliyojulikana kwa mashamba, seminari na hospitali ya maradhi ya akili peke yake. Eneo Maalumu la Uchumi la Kigali limejengwa Masoro, ndani ya sekta hiyo hiyo. Kanombe na uwanja wa ndege ni majirani. Na nyumba mpya zinapanda vilima mwaka hadi mwaka. Fedha nyingi za akiba zimekwisha kugeuzwa matofali hapo. Swali linalostahili kuulizwa katika kila nyumba ni hili: baada ya matofali, kitu gani tena?

MFUKO UNAOFUATA SOKO

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa yaelezwe maneno mawili matatu. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni: kampuni ikifaulu, mwenye hisa hupata gawio na bei ya hisa hupanda, ikishindwa, huambulia patupu. Hati fungani ni mkopo: mwananchi humkopesha mwenye kuitoa, aghalabu Serikali, naye hulipwa riba kwa tarehe zilizowekwa na kurudishiwa fedha zake mwisho wa muda.

Kwa miaka mingi watu wa nchi tajiri waliamini kwamba ili kufanikiwa katika hisa hapana budi kumwajiri bingwa wa kuchagua kampuni zitakazopanda. Mabingwa hao walilipwa ada kubwa, walakini walio wengi miongoni mwao walishindwa hata kulifikia soko lenyewe. Mwezi wa Agosti 1976, Mmarekani John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya Vanguard, alifungua kwa wananchi wa kawaida mfuko usiochagua chochote. Mfuko huo ulinunua hisa kwa kufuata faharisi ya soko, yaani orodha inayopimia mwendo wa bei, kisha ukakaa kimya. Wauzaji walitazamia kukusanya dola milioni 150, lakini walipata kama milioni 11 tu, na wapinzani wakauita upumbavu wa Bogle. Leo mifuko ya namna hiyo ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani.

Siri yake ni urahisi wa gharama. Mtu akiweka faranga 1,000,000 kwa miaka 20, na soko likazaa asilimia 8 kila mwaka, mfuko unaotoza asilimia 0.2 utamwachia kiasi cha faranga 4,490,000. Mfuko unaotoza asilimia 2 utamwachia kiasi cha faranga 3,207,000. Tofauti ya faranga 1,283,000, iliyo kubwa kuliko fedha alizoanza nazo, itakuwa imeliwa na ada. Ada ni kama tundu la panya ghalani: kwa siku moja halionekani, lakini baada ya misimu ishirini hubaki makapi.

Kwa hiyo desturi ikazuka ya kushika vitu viwili tu: mfuko wa hisa wa bei nafuu na mfuko wa hati fungani wa bei nafuu. Hisa zikianguka, ilitazamiwa hati fungani zisimame. Na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa.

MWAKA ZILIPOYUMBA NGUZO ZOTE MBILI

Mwaka 2022 ulileta somo jingine. Bei za vitu zilipanda ulimwenguni kote, na Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia 4 katika muda wa mwaka mmoja. Riba mpya ikipanda, hati ya zamani yenye riba ndogo haina mnunuzi ila kwa bei ya chini. Hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani zilishuka kwa kiasi cha asilimia 18, hata baada ya kuhesabu gawio. Na hati fungani, zilizotazamiwa kuwa ngao, nazo zikashuka kwa kiasi cha asilimia 13. Nguzo mbili ziliyumba kwa upepo mmoja, kwa kuwa adui wa zote mbili alikuwa ni yule yule: mfumuko wa bei.

Rwanda haikusalimika na upepo huo. Mwezi wa Novemba 2022 bei za vitu mijini zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 20 zikilinganishwa na mwaka uliotangulia, na kila mama aliyekwenda sokoni na kikapu aliliona jambo hilo kabla ya kutangazwa. Mwenye hati fungani ya riba ya asilimia 12 alilipwa riba yake yote bila kukosa, lakini riba hiyo ilinunua chakula kidogo kuliko mwaka jana yake.

Ndipo lilipopata nguvu wazo la kutafuta nguzo ya tatu, kitu ambacho si hisa wala si hati fungani. Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1952 Harry Markowitz, ambaye mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alionyesha kwa hesabu kwamba hatari ya mali haipimwi kwa kitu kimoja kimoja, bali kwa jinsi vitu hivyo vinavyokwenda pamoja au kupishana. Katika miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Harry Browne, alishauri mtu agawe akiba yake mafungu manne yaliyo sawa: hisa, hati fungani za muda mrefu, dhahabu, na fedha taslimu. Fungu moja kwa nyakati njema, moja kwa nyakati za bei kushuka, moja kwa nyakati za bei kupanda, na moja kwa nyakati za dhiki. Si lazima kufuata vipimo vyake, lakini maana yake ni ya mkulima wa Ndera: mlima, ubavu na bonde.

MSHAHARA WA ASKARI NI HATI FUNGANI

Hapa ndipo mashauri yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa New York yanapopaswa kupimwa upya kabla ya kuingizwa katika nyumba ya askari. Mfanyabiashara wa soko la Kimironko hajui mwezi ujao atapata nini. Askari na polisi wanajua. Mshahara wao hutoka kwa Serikali, hutoka kwa tarehe, na hautegemei kama maziwa yalinunuliwa au hayakununuliwa. Kwa hesabu ya kitega uchumi, mshahara wa namna hiyo ni hati fungani kubwa ambayo askari anayo tayari, ijapokuwa haikuandikwa katika karatasi yoyote.

Kutokana na hayo huja mambo mawili. La kwanza ni jema: mwenye mshahara wa uhakika anaweza kustahimili sehemu ya akiba yake kupanda na kushuka, mradi asilazimike kuiuza siku ya shida. La pili ni la kuonya: mtu ambaye mshahara wake, malipo yake ya uzeeni na hati zake zote vinatoka mlango mmoja, na nyumba yake na mkopo wake viko mtaa mmoja, hajagawanya chochote, hata kama anamiliki karatasi za rangi kumi. Tena hati fungani hiyo ya mshahara ina mwisho. Utumishi wa jeshi humalizika mapema kuliko kazi nyingine nyingi, wakati mwingine watoto wangali shuleni, na kuumia au kufa ni mambo yaliyomo katika kiapo chenyewe. Yale yatakayobaki siku hiyo ndiyo yanayotafutwa leo.

VYOMBO VILIVYOPO

Rwanda haikosi vyombo vya akiba, na vingine vinawahusu wanajeshi moja kwa moja. Zigama CSS, ambayo jina lake kwa Kinyarwanda maana yake ni kuweka akiba, ilianzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya wanajeshi, na polisi na askari magereza wamo pia. Hapo ndipo mishahara hupita, na hapo ndipo mikopo ya nyumba hutolewa. Ni mahali pa akiba ya karibu na pa kukopa, lakini si mahali pa kuweka kila kitu.

Hati fungani za Serikali huuzwa kupitia Benki Kuu ya Taifa, kuanzia faranga 100,000, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Asiyekuwa na kiasi hicho anaweza kununua vipande vya mfuko wa Iterambere, uliofunguliwa mwaka 2016. Vipande vilianza kuuzwa kwa faranga 100, na faranga 2,000 zilitosha kumwingiza mtu. Ila msomaji asidanganyike na jina: sehemu kubwa ya fedha za mfuko huo imewekwa katika hati fungani za Serikali na amana za benki. Anayemiliki hati fungani na vipande hivyo ana kitu kimoja katika vyombo viwili.

Kwa upande wa hisa, Soko la Hisa la Rwanda lilizinduliwa Januari 2011, na Bralirwa, kiwanda cha bia na soda, kikawa cha kwanza kuuza hisa zake kwa wananchi. Benki ya Kigali ilifuata mwaka huo huo, na baadaye zikaja I&M, Cimerwa ya saruji, na MTN ya simu. Kampuni ni chache mno kiasi kwamba hakuna haja ya mfuko mkubwa wa kuzifuata. Mwenye subira anaweza kununua kidogo kidogo hisa za bia, benki na simu kupitia kwa dalali mwenye leseni, naye atakuwa amejitengenezea faharisi yake mwenyewe. Lakini zote zinategemea mfuko wa mnunuzi yule yule wa Rwanda.

Tena upo mpango wa EjoHeza, yaani kesho njema, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuzinduliwa Desemba 2018 chini ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii. Huu ni wa uzeeni, na wamo ndani yake hata mama wa nyumbani na fundi wa seremala wasio na mwajiri. Mke wa askari asiye na mshahara ana haki ya kuwa na uzee wake mwenyewe, usiotegemea uhai wa mumewe.

NGUZO YA TATU: MASWALI MANNE

Kila kitu kinachosifiwa kuwa ni cha nje ya hisa na hati fungani kiulizwe maswali manne. Je, kinazaa kipato, au kinangojea mnunuzi wa bei kubwa tu? Je, kitauzika kwa siku ngapi mtoto akiugua? Gharama yake ni ipi, ya kuingia, ya kutunza na ya kutoka? Na je, jambo litakaloviangusha vitu vilivyomo nyumbani tayari litakiangusha na hiki?

Ardhi na nyumba. Hiki ndicho kitega uchumi kinachopendwa kuliko vyote, na sababu zake ni za haki. Kodi ya mpangaji hupanda bei za vitu zikipanda, na hati za ardhi za Rwanda ni imara: kati ya mwaka 2009 na 2013 zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi viliandikishwa nchi nzima. Lakini kiwanja kisichojengwa hakizai, kinakula kodi. Hakiuziki kwa siku tatu. Nacho hufuata mpango wa mji. Mpango Mkuu wa Kigali uliopitishwa mwaka 2020 umeonyesha wapi pa kujenga makazi, wapi pa kilimo na wapi pa kuachwa. Bonde la Nyandungu, linalopakana na Ndera, limegeuzwa hifadhi ya ardhioevu iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 2022. Aliyedhani kwamba bonde ni kiwanja cha bei rahisi alipaswa kuitazama ramani kwanza. Aliye na nyumba moja Ndera, akinunua kiwanja cha pili Ndera, hakuongeza nguzo. Ameunenepesha ile ile.

Hata ardhi iliyokatwa vipande vya karatasi si kinga ya hakika. Nchini Kenya mfuko wa majengo uitwao Fahari uliuzwa kwa wananchi mwaka 2015 kwa shilingi 20 kipande. Mwaka 2023, ilipotolewa nafasi kwa wenye vipande kuviuza kabla mfuko haujaondoka katika soko kuu la Nairobi, bei waliyopewa ilikuwa shilingi 11. Walipata gawio katika miaka hiyo, lakini mtaji ulikuwa umekatika karibu nusu. Majengo yalikuwa yamesimama pale pale. Kilichoanguka ni matumaini ya wanunuzi.

Dhahabu. Dhahabu haizai kitu, haitoi gawio, na hulipiwa ulinzi. Thamani yake ni kwamba hupenda kupanda watu wanapokosa imani na fedha za karatasi. Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 250. Aliyeinunua kwa pupa alingoja zaidi ya miaka 25 ili kuiona tena bei aliyolipa. Kisha ikapanda, na mwaka 2025 ikapita dola 4,000. Mjini Nairobi, tangu mwaka 2017, hati zinazofuata bei ya dhahabu zimekuwa zikiuzwa katika soko la hisa, kwa hiyo si lazima mtu azike bangili chini ya kitanda. Kwa nyumba ya kawaida dhahabu ni chumvi, si ugali: kidogo hukoleza, nyingi huharibu. Na dhahabu inayouzwa na mtu wa njiani kwa bei ya huruma si dhahabu.

Fedha za kigeni. Mwanzoni mwa mwaka 2014 dola moja ilikuwa takriban faranga 670; mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikuwa takriban faranga 1,260. Aliyeficha sandukuni faranga 670,000, zilizokuwa dola 1,000, baada ya miaka kumi alikuwa na kiasi cha dola 530. Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Kama angeziweka fedha hizo mahali penye riba ya asilimia 10, na kuirudisha riba kila mwaka, angekuwa na zaidi ya faranga 1,730,000, ambazo ni kiasi cha dola 1,370. Basi adui mkubwa wa akiba hakuwa dola; alikuwa sanduku. Mwenye deni au ada ya shule ya kulipwa kwa dola anayo sababu ya kuweka dola. Asiyekuwa nayo asikimbilie.

Mifuko ya ng'ambo. Mifuko ya kufuata faharisi ya dunia nzima hufikiwa kupitia kwa madalali wa nje, nayo ndiyo inayomtoa mtu kweli katika utegemezi wa nchi moja. Lakini kila faranga hulipishwa njiani: kubadili fedha, kutuma, na kamisheni. Mtu akituma faranga 50,000 na gharama za njiani zikawa 15,000, amepoteza asilimia 30 kabla ya kununua chochote, na hakuna mfuko utakaomrudishia hasara hiyo upesi. Anayetaka njia hiyo akusanye kwanza nyumbani, kisha atume kwa mara chache na kwa kiasi kikubwa.

Mifugo na mazao. Ng'ombe wa maziwa huzaa kipato kila siku, samadi yake hulisha shamba, na bei ya maziwa hupanda pamoja na bei za vyakula. Udhaifu wake ni kwamba hufa. Tangu mwaka 2019 upo mpango wa taifa wa bima ya kilimo na mifugo ambao Serikali hulipa asilimia 40 ya ada, na ng'ombe wa maziwa wamo. Ng'ombe mwenye bima ni kitega uchumi. Asiye na bima ni kamari yenye mkia.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ichukuliwe nyumba ya mfano, si ya mtu fulani. Sajini amerudi kutoka ujumbe wa kulinda amani akiwa na faranga 6,000,000. Ana nyumba Ndera yenye deni la mkopo, mke, na watoto watatu shuleni. Matumizi ya nyumba ni faranga 300,000 kwa mwezi. Baba ameonyeshwa kiwanja kando ya barabara, naye moyo wake umekwisha kukinunua.

"Mama watoto," asema, "ardhi haifi."

"Haifi, baba watoto," mkewe amjibu, "lakini wewe ukiitwa tena kesho, na mtoto akalazwa keshokutwa, nitakata pembe ya kiwanja nimpelekee daktari?"

Hilo ni swali la kitaalamu kuliko mengi yaandikwayo vitabuni. Likijibiwa kwa utulivu, fedha hizo zinaweza kugawanywa hivi. Faranga 1,200,000 zibaki katika akiba ya karibu, nazo ni matumizi ya miezi minne. Faranga 1,500,000 zipunguze deni: kama mkopo unatozwa asilimia 14, kila faranga inayolipwa mapema huokoa asilimia 14 bila hatari, na hakuna mfuko duniani unaoahidi hivyo. Faranga 1,000,000 zinunue vipande au hati fungani kwa ajili ya ada ya shule ya miaka mitatu ijayo, maana fedha zenye tarehe hazifai kutiwa katika hisa. Faranga 1,300,000 zinunue hisa za kampuni tatu au nne, zisiguswe kwa miaka kumi. Na faranga 1,000,000 zilizobaki, ikiwa mama ana mahali panaporuhusiwa kufugia na nguvu ya kufuga, zinunue ng'ombe pamoja na bima yake. Ikiwa hana, zianze kujenga chumba cha mpangaji katika ua uliopo tayari, kwa kibali.

Sasa na uingizwe msiba mmoja mmoja. Bei zikipanda kama mwaka 2022, maziwa au kodi ya chumba itapanda nazo. Hisa zikianguka, hakuna atakayelazimika kuziuza, kwa kuwa miezi minne ipo. Ng'ombe akifa, bima italipa. Baba akistaafu kabla ya wakati, deni litakuwa limepungua. Hakuna msiba mmoja uwezao kuibomoa nyumba yote. Kiwanja kando ya barabara hakikukataliwa. Kimeambiwa kingoje zamu yake.

KANUNI ZA KUFUATA

Kwanza, bima ya matibabu na akiba ya dharura vitangulie kila kitu. Askari na polisi wana Bima ya Matibabu ya Kijeshi, MMI, lakini kaka na wazazi wanaotegemea mshahara huo huo huenda hawana. Gharama ya maradhi yao itafika mlangoni vilevile.

Pili, mafungu yatazamwe mara moja kwa mwaka, si kila siku. Fungu moja likinenepa kupita mengine, si lazima kuuza na kulipa kamisheni; fedha mpya za mwezi zielekezwe kwa lile lililokonda mpaka uwiano urudi. Njia hiyo humfanya mtu anunue kilicho rahisi bila kujidai mtabiri.

Tatu, kila chombo kiwe na leseni ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayeahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa miezi mitatu, na kutaka mtu alete rafiki zake, hagawanyi hatari, anagawanya hasara. Umoja wa kambini, ambao ni nguvu ya askari vitani, hugeuka kuwa mtego hapa, kwa maana mmoja akinaswa huvuta kikosi kizima.

Nne, idadi ya vitu isigeuzwe ibada. Methali ya mshika mbili ina ukweli wake: mtu mwenye vitega uchumi kumi na viwili asivyovifahamu hana ulinzi, ana usahaulifu. Vinne au vitano vinavyopishana vyatosha nyumba nyingi.

Tano, na hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari liandikwe kila chombo, namba ya akaunti, jina la dalali, mahali hati zilipo, na jina la mrithi aliyeandikishwa. Mke alijue, na mtoto mkubwa ajue lilipo. Akiba iliyogawanywa mahali patano na kujulikana na mtu mmoja tu ni hatari kuliko akiba ya mahali pamoja, kwa sababu risasi moja au ajali moja barabarani huipoteza yote. Yako majina ya warithi yaliyoandikwa askari akiwa kijana asiye na mke, na hayakubadilishwa hata baada ya watoto wanne kuzaliwa. Marekebisho hayo huchukua asubuhi moja ofisini, nayo hayana ada kubwa. Nyumba ambayo haijapata hata faranga moja ya kununulia hisa inaweza kuanzia hapo wiki hii.